Kiti ni cha Aliyewahi

Jumatatu asubuhi ilitangazwa kwa kipaza sauti, watu wote wamesimama, kwamba ofisi imeingia zama mpya: Mpango Kabambe wa Kumfurahisha Mfanyakazi Mahali pa Kazi pa Kisasa. Hakuna tena meza ya fulani wala kiti cha fulani. Kila kiti ni cha aliyewahi. Mkurugenzi alipomaliza kusoma waraka, makofi yakapigwa, kwa kuwa waraka wenyewe uliyaagiza.

Mpika chai, ambaye wote walimwita Shangazi, alipiga mawili tu. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye kigoda chake kando ya jiko, na leo kakuta kimeondolewa.

"Mwanangu, kigoda changu kiko wapi?" akamuuliza Afisa Furaha, kijana aliyepewa kuusimamia Mpango.

"Shangazi, kigoda kile kilileta umiliki. Umiliki unaua furaha."

"Na magoti yangu je?"

"Jaza fomu."

Fomu ilikuwa na nyuso tatu: inayocheka, inayocheka sana, na inayocheka mpaka machozi. Shangazi akachagua yenye machozi. Afisa akaandika: ameridhika kupita kiasi.

Viti vilikuwa thelathini, watu arobaini. Wiki nzima Shangazi alichemsha chai wima, jioni akajikanda miguu kwa maji ya moto. Jumapili akauchukua waraka akausoma kwa kidole, neno kwa neno, akitafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa". Hakupaona.

Kesho yake aliwahi kama kawaida, maana funguo ni zake. Akachemsha chai. Kisha akaingia ofisi ya Mkurugenzi, akaketi.

Mkurugenzi alifika saa nne, na wageni watatu wa wizara waliokuja kuukagua Mpango.

"Shangazi! Unafanya nini hapo?"

"Nimewahi, mwanangu."

"Hicho ni kiti ch..." Akawatazama wageni.

"Ajabu!" akasema mkubwa wa wageni, akiandika mbio. "Hata mpika chai! Mpango huu hauguswi, ubaki hivi hivi, milele. Sasa wewe Mkurugenzi, unafanyia kazi wapi?"

Mlangoni watu walikuwa wamejazana, kila mmoja na kicheko chake mfukoni. Viti vyote vilikuwa na wenyewe. Nafasi ilibaki moja tu, kando ya jiko.

"Nenda tu, baba," Shangazi akamwambia kwa upole, akinyoosha miguu. "Wageni wana kiu. Ila shika birika kwa kitambaa, mkono wake una moto."