Majibu ya Bibi Yamekuja Chanya

Jumatatu, 3 Juni

Bibi bado amelazwa. Homa kali, anahema mbio kama aliyefukuzwa na mbwa. Wamechukua damu kutafuta vijidudu. Lazima niwe wa kwanza kusoma majibu, maana binamu yangu anapata alama nzuri za sayansi na Bibi humwita "daktari wangu". Mimi ananiita "wewe". Wodi hii itanitambua!

Alhamisi, 6 Juni

Karatasi ilikuwa miguuni pa kitanda. Nimemwahi binamu. Chanya! Mwalimu hutuhimiza kila siku tuwe na mtazamo chanya, basi sikuona haja ya kumuuliza mtu. Nikampa Bibi habari njema. Akataka viatu vyake. Nikampigia simu Baba mkubwa asisumbuke kusafiri, mama yake amepona. Alilia kwa furaha.

Bibi akashuka kitandani. Dripu ikachomoka, naye akaporomokea mikononi mwa sista. Sista akauliza ni mwehu gani kamwinua mgonjwa huyu. Wodi nzima ikaninyooshea vidole!

Kumbe chanya maana yake walichokitafuta wamekikuta. Damu ya Bibi imejaa vijidudu! Sista akasema mgonjwa ndiye husomwa kwanza, karatasi baadaye. Binamu akasema afadhali ningemuuliza paka.

Ijumaa, 7 Juni

Dawa mpya. Bibi hajafumbua macho kutwa nzima. Nimeomba mpaka magoti yameuma. Jioni akafumbua jicho moja, akauliza kama mimi ndiye yule daktari wa viatu.

Cheo ni cheo.

Jumatano, 12 Juni

Kipimo kimerudiwa. Vijidudu: hasi! Joto limeshuka, Bibi anagombana na mgonjwa wa kitanda cha jirani, na sista anasema kesho tunaenda naye nyumbani.

Lakini mimi sidanganyiki tena na sura ya mgonjwa. Nimeipitia karatasi mstari kwa mstari. Kule chini kabisa, maskini Bibi yangu: "Kundi la damu: O chanya."

Wamekikuta! Tena si kimoja, ni kundi! Binamu alipita hapohapo asione kitu. Nimempigia Baba mkubwa aje mbio, yuko njiani. Kisha nikatoa kitambulisho changu cha shule, nacho kina mstari wa kundi la damu, nihakikishe tu.

Mungu wangu. O chanya.

Bibi ameniambukiza!