Reli Zangu Chini ya Mota Mbovu

Jumatatu, 3 Machi

Mhandisi ametangaza. Alhamisi kila zamu itachagua chuma chakavu chake, kiyeyushwe, kitoe boriti moja. Boriti itakayoshinda, kiongozi wa zamu yake ndiye msimamizi wa uwanja mzima wa chuma chakavu. Miaka kumi na tisa naingoja nafasi hiyo! Mimi naongoza zamu ya asubuhi. Mpinzani ni mmoja, mama tunayemwita Miwani, kiongozi wa zamu ya alasiri. Leo kanisalimia mara mbili kabla hata zamu yake haijaanza. Mara mbili! Asiye na lake jambo husalimia mara moja, basi.

Jumanne, 4 Machi

Lori limeleta reli kuukuu. Chuma safi, ukikigonga kinalia kama kengele. Nimezitenga kwa ajili ya Alhamisi. Ila kwa sheria ya uwanja, zamu inayoingia huchukua inachokikuta. Miwani akapita, akasema reli nzuri hizo, kaka. Nzuri kwa nani? Kisha akamuuliza mwendesha kreni kama mgongo umepona. Mwendesha kreni ni shemeji yangu, ndugu wa damu wa mke wangu! Njama nimeiona yote.

Jumatano, 5 Machi

Nimezificha reli. Juu yake nimemwaga mota mbovu, kilima kizima, matumbo yamejaa nyaya za shaba. Shaba ikiingia kwenye chuma, boriti huchanika. Fungu hilo hata kichaa hatalitamani. Shemeji kauliza Alhamisi sumaku ya kreni yake itazifikiaje reli. Nimemwambia ashughulike na mgongo wake. Nyumbani mke wangu kauliza swali hilo hilo. Kwa hiyo wameshapigiana simu!

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Sumaku ikashuka kwenye fungu langu, ikabeba kilicho juu. Mota! Nikapunga mikono, nikapaza sauti. Shemeji kule juu hasikii, au ndivyo anavyodai. Tanuri likajaa mota mpaka pomoni, reli hazijaguswa. Boriti ikatoka kwenye roli, zile silinda za kubana chuma, imechanika kingo zote mbili. Mhandisi akavua kofia, kama yuko msibani.

Saa nane ikaingia zamu ya alasiri. Wakakuta nini? Reli tupu, zimelala wazi, kilima chote cha juu nimewaondolea mimi. Boriti ya Miwani imenyooka kama mstari wa rula. Sasa nauliza: alijuaje kwamba nitazificha?

Ijumaa, 7 Machi

Miwani ndiye msimamizi. Mhandisi alitaka kunipeleka getini, niwe wa kufungulia malori. Mimi! Miwani akamkatiza mbele ya watu wote.

"Huyu mwache hapa kwangu, mhandisi. Akigonga chuma mara moja anakuambia kina nini ndani. Mimi maabara inanijibu kesho yake."

Shemeji akapiga makofi. Mhandisi akakubali, lakini akaongeza kwamba ninabaki kwa sababu ya masikio hayo tu. Nikashukuru kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaza mpaka chai imepoa. Mke wangu anasema nimeokolewa, nimshukuru mama wa watu. Maskini, hana macho ya kuona mbali. Huyo mwanamke anayataka masikio yangu. Akishajifunza yanavyosikia, naenda getini.

Dawa nimeipata. Kuanzia Jumatatu nitagonga chuma, nitatikisa kichwa, nitasema sisikii kitu. Wakishaamini kabisa kwamba sijui chuma, nani tena atathubutu kunigusa?