Hotuba ya Kuzindua Mtiririko wa Saruji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa mke wa Makamu wake, Kaimu Mkurugenzi anayemkaimu Mkurugenzi aliyeko semina, wahandisi, wadau wa maendeleo, vibarua, na ninyi wengine mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye hema.)

Ndugu wananchi, nimearifiwa kuwa tangu asubuhi silo hili, mnara wenu wa kuhifadhia saruji, limejaa hadi shingoni, lakini mdomoni halitoi hata kijiko, kwa kuwa saruji imeshikana ndani ikajijengea daraja, na kwamba utaratibu wenu ni kumshusha humo mtu mmoja, huyu fundi mzibuaji, aichokonoe kwa fito mpaka iporomoke. (Mpishi wa kambi, mke wa mzibuaji: "Iporomoke naye!") Nimekusikia, mama. Ofisi yangu ina masikio. ("Basi sema, leo anaingia au haingii?")

Swali zuri sana, na jibu lake ni la kimkakati. Chini ya Mradi Jumuishi wa Mtiririko Endelevu, ambao mimi binafsi niliubuni nikiwa bafuni, kila silo litafungiwa mtambo wa kutikisa na kupuliza hewa, ili saruji iteremke yenyewe kwa kuzingatia uwazi, uwajibikaji, jinsia na kapasiti ya mastekiholda. Kwa mujibu wa utafiti tulioufanya hotelini, mtiririko tayari umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, (Kibarua: "Wa chai!" Kicheko.) na vifo vya siloni vimeshuka kwa kiwango cha kuridhisha. (Mpishi: "Shemeji yangu alifukiwa humo mwezi uliopita! Amekuridhisha?") Pole sana, mama. Lakini marehemu alifariki katika awamu ya kwanza, na takwimu hizi ni za awamu ya pili. Tusichanganye mambo.

Nikisema "Mtiririko", mwitike "Hauzuiliki"! Mtiririko! (Kimya.) Mtiririko! ("Hauzuiliki," anaitika dereva wa mgeni rasmi, peke yake.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe waliosafiri mara nne kwenda kuutazama mtambo kama huo kwa wenzetu, wakarudi na picha nzuri ya rangi, ambayo ndiyo tunayoizindua leo. Namshukuru mtunza bohari, aliyethibitisha kuwa bohari lina nafasi ya kutosha kuupokea siku tutakapoanza kufikiria kuuagiza. Na zaidi ya wote namshukuru fundi mzibuaji, ambaye kwa uzalendo wake ataingia sasa hivi, maana wapiga picha wanataka kuona saruji ikitoka.

(Mzibuaji anapanda jukwaani, anavua kofia yake ngumu, anamvika mgeni rasmi na kumkazia mkanda kidevuni. "Imekukaa vizuri, mzee. Ngazi ile pale. Mama watoto, twende zetu." Vibarua wote wanawafuata.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Dereva! Dereva, hii inafunguliwaje?