Ukumbi wa Magurudumu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Ukumbi wa zamani wa kusomea sasa uko mikononi mwangu. Meza, viti, rafu, hata zile kuta za mbao za kugawa vyumba, vyote vina magurudumu na breki. Wanafunzi watajipangia wenyewe: leo kikundi, kesho kila mtu na kona yake. Kazi ya shemeji yangu, kaka wa Mama Watoto, seremala mzito wa kuanza na mwepesi wa kujisifu. Kamati ya chuo inakuja Ijumaa. Ikipendezwa, Mkutubi Mkuu ajaye ni mimi. Isipopendezwa ni Bi Fahirisi, yule mama wa chumba cha kuorodhesha vitabu, nami nitakuwa namwomba ruhusa ya kwenda kunywa chai mpaka nistaafu.

Limebaki jambo moja: meza ya Marehemu. Huyo ndiye mkutubi wa kwanza wa ukumbi huu. Alifia humo humo, kwenye kiti chake, akimsubiri mtu arudishe kitabu. Tangu hapo kila mfanyakazi akiingia asubuhi huielekea meza ile na kusema shikamoo. Watu wazima, wenye shahada! Nimepiga marufuku. Shemeji nimemwagiza aitie nayo magurudumu iende stoo. Bi Fahirisi akasema Mzee hakupenda kusukumwa hata alipokuwa hai. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amepiga simu, anasema kazi imekwisha. Mimi na mlinzi tumeisukuma meza hadi stoo. Imeteleza kama imepakwa mafuta. Mlinzi akauliza kwa nini haina sauti. Nikamwambia hivyo ndivyo magurudumu mazuri yalivyo. Sikuinama kutazama, ubao wake unashuka hadi sakafuni, na suruali ilikuwa mpya. Nikatia kufuli, ufunguo mfukoni.

Hakuna aliyesema shikamoo leo. Bi Fahirisi alichezesha midomo tu. Nimemwona.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika wa kwanza. Viti vyote vimejipanga safu safu, vimeelekea upande mmoja. Na mbele ya viti hivyo, pale pale pa zamani, meza ya Marehemu. Kufuli ya stoo haijaguswa. Breki zote zimefungwa. Nilisimama mlangoni. Niliogopa, na kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, naandika hivyo hivyo: niliogopa.

Kisha akili ikanirudia. Bi Fahirisi! Nikamfuata na kumshutumu. Akajibu kwamba kwa mgongo wake, hata kamusi wenzake ndio humwinulia.

Wanafunzi wakaja, wakakaa kama walivyovikuta viti. Niliwahimiza wasogeze, ndiyo maana ya ukumbi. Wakasema hapana, asante, wakitazama meza. Mmoja akaanza kumsimulia mwenzake habari za mpira. Kiti chake kikaondoka naye. Taratibu, kinyumenyume, breki ikiwa imefungwa, kikamtoa hadi nje ya mlango. Yule kijana akarudi kwa miguu na kuniuliza kwa heshima mtambo ule unaitwaje.

Nywele zilikuwa zimenisimama. Lakini mdomo wangu, ambao siku zote hunitangulia, ulishamjibu kwamba ni uvumbuzi wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio. Nimekaa, nimecheka kwa nguvu. Nikatolewa nje. Nimerudi, nimepiga mluzi. Nje tena. Safari ya tatu sikusema kitu, nilifikiria tu kuimba, na kiti kikatikisika. Hiyo sikuipenda.

Bi Fahirisi alikuwa akitazama. Akaingia, akaiamkia meza kwa sauti ya chini, akakaa. Kiti chake kikatulia tuli. Akanisihi, na kwa kweli macho yake hayakuwa na mzaha, nisalimie japo kwa kunong'ona, kesho wageni wanakuja. Nikamjibu kwamba Mkutubi Mkuu mtarajiwa haamkii mbao.

Jioni shemeji akaja nyumbani, anakwepa macho. Mama Watoto akambana mpaka akasema. Ile meza hakuigusa. Alipoinama na vifaa vyake alisikia mtu akikohoa juu yake, na hakukuwa na mtu. Akakusanya vitu vyake, akaondoka.

Kwa hiyo haina magurudumu. Sijala vizuri. Mama Watoto ananiambia niende nikaombe radhi, au niwaambie wakubwa ukweli. Amesahau cheo kiko karibu kiasi gani. Kamati haitainama chini ya meza.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Makamu Mkuu wa Chuo alikuja na kamati yake. Bi Fahirisi aliiamkia meza kutoka mlangoni. Wao wakadhani wanasalimiwa wao, wakaitikia. Nikasimama mbele ya meza na kueleza nilivyobuni kila kitu, peke yangu. Nilipofika kwenye neno "peke yangu" viti vyote vikageuka kunitazama. Kamati ikapiga makofi. Kimoja kikaja nyuma ya magoti yangu, nikaketi bila kupenda, kikanizungusha na kunipeleka nyuma ya meza ya Marehemu, kikanibana hapo. Breki ikalia. Makofi tena. Wakaondoka wakisifu.

Nimejaribu kusimama. Bado. Naandika nikiwa hapa hapa.

Jumatatu, 10 Machi

Cheo amepewa Bi Fahirisi. Sawa. Asubuhi aliingia na wafanyakazi wote, wakaja moja kwa moja mbele yangu, wakasema shikamoo. Nimesubiri neno hilo miaka yote ya kazi. Nikaitikia marahaba. Bi Fahirisi akashtuka, akajifunika khanga vizuri, akawaharakisha wenzake.

Mama Watoto alikuja na shemeji. Walisimama karibu kabisa, wakamwuliza mlinzi kama ameniona tangu Ijumaa. Mlinzi akasema hapana. Mama Watoto alilia. Nilimwita, akatazama meza, akamshika kaka yake mkono na kurudi nyuma. Roho iliniuma, sana. Lakini wanafunzi wawili walikuwa wakinong'ona dirishani, ikabidi kwanza nikohoe. Walinyamaza papo hapo.

Ukumbi haujawahi kuwa na utulivu kama huu. Mpango wangu unafanya kazi. Shemeji akija tena nitamwagiza atie magurudumu kwenye milango.