Alteneta ya Trekta na Shamba la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimechoka. Trekta imelala tena juu ya mteremko wa kanisa, kwa sababu bila mteremko haiwaki. Dainamo aliyoacha marehemu baba ilikufa zamani, na betri haipati chaji. Kila asubuhi naachia breki, naomba Mungu, nateremka nayo mpaka ikohoe. Leo ilikohoa ikiwa imeshafika kwenye sukumawiki za mchungaji. Mchungaji alisema amenisamehe. Uso wake haukuwa na habari hizo.

Osiako akapita na trekta yake mpya ya bluu. Aliniuliza kwa upole kama nimeegesha au nimekwama.

Jioni Rosebella, mke wangu, akanikumbusha kwamba mama yake huko Lubao bado hajalimiwa. Mvua iko karibu. Mama ni mjane, na mahindi ya shamba lile ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Osiako amejitolea kwenda Jumamosi. Huyu Osiako alimtaka Rosebella kabla yangu, na mpaka leo hajachoka kuwa mwema kwa ukoo ule. Nikasema mkwe ni mimi, nitalima mimi. Rosebella akauliza kama kwa mama yake kuna mteremko. Hakuna. Ni tambarare kama meza. Nikajibu kwamba Jumamosi trekta itawaka kwa ufunguo, kama za watu.

Wakati nasema hivyo sikuwa na mpango. Sasa ninao. Nitatoa dainamo, niweke alteneta, ile inayochaji betri kwenye magari ya siku hizi.

Jumatano, 5 Machi

Alteneta imepatikana. Imetoka kwenye teksi iliyopinduka hapa Malava. Mwenyewe alitaka jogoo, nikampa jogoo. Jogoo alikuwa wa Rosebella, lakini shamba ni la mama yake, kwa hiyo naona mambo yamebaki ndani ya familia.

Nimeshinda nikiifunga peke yangu. Ni fupi kuliko dainamo. Nikaongezea bawaba ya mlango wa choo. Nilipowasha, mkanda uliruka ukanipiga sikio. Rosebella alitazama sikio, akatazama choo, akampigia simu Yakub. Huyo ni fundi wa umeme wa magari kutoka Mumias. Anaongea polepole mno. Mtu wa namna hiyo mimi simwamini.

Alhamisi, 6 Machi

Yakub amekuja. Nikamwamkia asalaam aleikum vizuri kabisa, kisha nikamletea chai na mandazi. Ni Ramadhani. Alicheka tu. Nikanywa chai yake na yangu kwa aibu.

Akanieleza kwamba kwenye trekta za zamani kama hii, upande wa chanya wa betri ndio umefungwa kwenye bodi. Alteneta inataka hasi ndiyo iende kwenye bodi. Betri isipogeuzwa, alteneta inaungua papo hapo. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua.

Jua likianza kushuka, trekta ikawaka kwa ufunguo. Nikaizima nikawasha tena, kwa raha tu. Yakub alikuwa anakusanya spana haraka ili awahi kufuturu nyumbani. Akiwa juu ya pikipiki akasema jambo fulani kuhusu mshale wa geji ya chaji. Nikamwambia sawa, sawa. Nilikuwa nawaza uso wa Osiako.

Jumamosi, 8 Machi

Hata kalamu ni nzito leo.

Nilifika Lubao mapema. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, kwa hiyo mama alikaa nyuma ya nyumba, na shemeji yangu Maurine akawa anabeba maneno. Nikalima. Udongo uligeuka vizuri, mwekundu, mistari imenyooka. Maurine akaja kuniambia mama amefurahi. Tangu harusi sijawahi kutumiwa neno kama hilo. Nilikaribia kulia.

Ndipo nikatazama geji. Mshale ulikuwa umelala upande wa kutoa. Yaani betri inaisha! Nikaelewa yote: Yakub na haraka yake ya kufuturu aligeuza betri vibaya. Nikaenda kusimama langoni penye kivuli, nikazima injini, nikairudisha betri kama baba alivyokuwa ameifunga.

Cheche. Moshi. Harufu ya plastiki. Waya mnene ukayeyuka mbele ya macho yangu.

Nikampigia Yakub. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, si nilikuambia mshale utasoma kinyume kwa sababu betri imegeuzwa? Nikasema Jumatatu nakuja kubadilisha nyaya za geji. Nikasema betri usiguse." Akamalizia na inna lillahi, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Trekta ilikuwa imeziba lango, na hakuna njia nyingine. Mama alitakiwa kwenye kikundi cha akina mama, na hawezi kupita karibu na mkwe. Maurine akaja.

"Shemeji, mama anauliza utatoka saa ngapi."

"Mwambie sasa hivi."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. "Anasema hivyo ndivyo ulisemanga hata kuhusu mahari."

Nikasukuma. Haikusogea hata kidogo. Mwishowe Maurine alimpigia Osiako bila kuniuliza, nami sikumzuia. Alikuja na mnyororo, hakucheka, akanivuta mpaka barabarani. Afadhali angecheka. Kisha akaingia akamaliza shamba lote, akifuata mistari yangu.

Alipomaliza, mama alimpikia ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali. Yeye si mkwe, kwa hiyo alikula ndani. Changu kililetwa barabarani kimefunikwa. Nilidhani nitakuta shingo. Lilikuwa paja zima. Hilo liliniumiza kuliko moshi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Rosebella anasema mama atapanda kesho, na hilo ndilo la maana. Kisha akaniuliza kama nilitaka shamba lilimwe au nilitaka nilime mimi. Nikasema ni jambo moja. Akasema si moja. Hakuwa na hasira. Alinipaka mafuta kwenye sikio.

Niliwaza hayo wakati wote wa mahubiri. Ana haki. Naandika hapa nisije nikasahau: fundi akiongea, msikilize mpaka amalize.

Jumanne, 11 Machi

Yakub ameitazama trekta. Alteneta imekufa, haina dawa. Atanitafutia nyingine baada ya Idi, na kabla ya hapo nisiguse chochote. Nimekubali.

Lakini Idi bado iko mbali, na mchana nikasikia kwamba Alhamisi Osiako analima shamba la kanisa. La kanisa! Mchungaji angeniuliza mimi kwanza, sukumawiki au si sukumawiki.

Nikakaa nyuma ya nyumba nikifikiri. Nikainua macho, nikaona paneli ya sola juu ya banda la kuku la Rosebella. Jua halina mkanda wa kuruka. Nimepanda nikaishusha. Imekaa vizuri juu ya boneti, kama kofia.

Yakub amepiga simu nikiwa nafunga. Sijui nani amemwambia. Ameanza kueleza kwamba paneli haiunganishwi na betri hivi hivi, kwamba kwanza lazima kuwe na kifaa cha kati cha kupunguza... Nimemwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Nyaya zenyewe ni mbili tu. Nimeanza na nyekundu.