Waraka wa Kupendwa kwa Mambo ya Kale

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mambo ya kale yatalazimika kupendwa.

Ndivyo ulivyoanza waraka wa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na wala si utani, ulikuwa na mihuri mitatu. Kila kitakachochimbuliwa kitapigwa picha na kuwekwa kwenye ukurasa wa Idara mtandaoni. Kikipata laiki elfu kumi ndani ya siku saba, kitahifadhiwa palepale kilipopatikana na kuelezwa kwa umma na ofisa mwenye dhamana. Kikikosa, kitarudishwa udongoni na kuhesabiwa kuwa hakikutokea.

Uamuzi wa busara kabisa. Miaka yote hiyo historia ilikuwa imejiachia tu, inatokea ovyo bila kuuliza wananchi wanaipenda au hawaipendi.

Aliyeusoma waraka mara mbili alikuwa mchambuzi wa vigae. Ofisi nzima ilimwita Bi Vigae, kwani kwa miaka ishirini na miwili alikuwa chumba cha nyuma na beseni lake la maji na mswaki wa meno, akisugua vipande vya vyungu vilivyovunjika kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Vyote vilitoka kwenye kilima kimoja nyuma ya stoo, penye tanuri la kale la kuyeyushia chuma. Alikuwa amelichimba nusu tu. Sasa waraka ulisema kilima kisipopata laiki kitasawazishwa, kiwe maegesho ya magari ya Jumba jipya la Makumbusho. Bi Vigae alishika tama. Kilima kile alikipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Mkurugenzi akamwita ofisini. Pembeni alikaa mpwa wake, aliyeajiriwa wiki hiyohiyo kuwa Mratibu Mkuu wa Mvuto.

"Bi Vigae," alisema Mkurugenzi, "hiki kigae hakitoi ushirikiano."

"Ni kigae, mheshimiwa."

"Najua. Lakini hakiangalii kamera."

"Kina alama ya kidole cha mfinyanzi hapa ukingoni. Weka chako uone, kinaingia."

Mpwa akaweka. "Anko, kinaingia kweli! Loh!"

"Tusitoke nje ya ajenda," alisema Mkurugenzi.

Picha ikapigwa. Mkurugenzi alionekana mzima, na kigae kilionekana kidogo kwenye kona. Zikaja laiki kumi na nne, kumi na moja kati ya hizo za wafanyakazi waliosaini fomu ya mahudhurio ya kupenda. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaandika chini yake: "Bosi, sogea kidogo tuone kitu."

Siku ya tatu Kamati ya Mvuto ikakaa. Ikaazimia kwamba kwa kuwa umma haujayafuata mambo ya kale, mambo ya kale yataufuata umma. Mwananchi yeyote ruksa kuchimba kiwanja chochote cha umma kisicho na jengo, akirusha mubashara kwenye ukurasa wa Idara, na Bi Vigae atamwelekeza kwa kipaza sauti. Mkurugenzi alisaini bila kufungua ukurasa wa pili, maana wa kwanza ulikuwa na picha yake.

Jamani, watu wakanogewa! Bi Vigae aliwafundisha kama anavyofundisha siku zote: funga kamba pembe nne, tumia kijiko, jembe weka mbali, na kumbuka kwamba tabaka la chini ndilo la zamani. Siku mbili hazikupita, kinyozi akawa anabishana na wateja wake kuhusu rangi ya udongo.

Siku ya tano, mama muuza mboga anayekaa mbele ya Idara aliingia kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati, chenye kibao kinachosema hapa linajengwa Jumba la Makumbusho.

"Dada, kijiko kimegonga jiwe," alisema kwenye simu yake. "Lina maandishi."

"Lipige brashi taratibu. Usome," alijibu Bi Vigae kwenye kipaza sauti, akiwa ofisini.

"Jiwe la msingi. Limewekwa na Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, mwaka jana."

"Piga picha, pima kina, endelea chini."

Kifusi kikaondolewa. "Kuna lingine! Jina lilelile, miaka sita iliyopita. Na utepe mwekundu, umekatwa vizuri tu."

"Endelea, dada."

"Weee! La tatu hili. Miaka kumi na mmoja. Kumbe hapo alikuwa Naibu."

"Na chini yake?"

"Udongo mtupu, haujaguswa tangu dunia iumbwe. Msingi wenyewe haupo."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkurugenzi, jasho likimtiririka, alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Sema ni mawe ya kale yasiyojulikana," alinong'ona. "Sema hivyo tu, na kilima nakusainia sasa hivi. Chako mpaka ustaafu."

Bi Vigae alikitaka kilima, alikitaka mpaka macho yakamuuma. Lakini katika miaka ishirini na miwili hajawahi kudanganya juu ya kipande hata kimoja, na hakujua hata mtu huanzia wapi.

"Mheshimiwa, toa mkono."

Kisha akawaambia watazamaji: "Mawe ya msingi matatu, ofisa mmoja, miaka kumi na mmoja. Dalili za jengo, hakuna."

Kabla ya saa sita mchana laiki zilifika laki mbili.

"Yafukiwe!" alifoka Mkurugenzi.

"Haiwezekani, Anko," alisema mpwa, waraka mkononi. "Yamevuka elfu kumi, hayasogezwi. Kwa hiyo Jumba halijengeki pale. Na Jumba lisipokuwepo, maegesho ni ya nini? Halafu hapa wanasema ofisa mwenye dhamana ndiye atakayeeleza. Ofisa ni wewe."

Bi Vigae alirudi chumba cha nyuma, akalia kwa furaha juu ya beseni lake.

Mkurugenzi sasa yupo kiwanjani kila siku saa nne asubuhi, na kofia na fimbo ya kuonyeshea. Juzi fundi viatu alinyoosha mkono.

"Mtaalamu, tumeelewa mawe. Ila hawa watu wenyewe walikuwa wanaamini nini?"

Mkurugenzi alitazama karatasi ya maelezo. Jibu halikuwemo. Mama muuza mboga alikuwa akirusha mubashara, watu elfu arobaini wakisubiri.

"Waliamini," alisema Mkurugenzi, "kwamba hakuna atakayechimba."