Farasi wa Harusi ya Deodata

Jumatatu, 7 Julai

Farasi amefika. Lori lililotoka Biharamulo na mahindi limemshusha pale barabarani, akateremka kinyumenyume, taratibu, kama mzee anayeshuka ngazi. Nusu ya Nyakisasa ilikuwa imesimama kumtazama. Nilishika kamba kwa mkono mmoja, mwingine nikauweka kiunoni. Nadhani nilionekana vizuri.

Nimembadilisha na pikipiki yangu. Bonifasia sikumwambia kabla. Nilipanga kumzoesha habari hii kidogo kidogo, lakini farasi ukishamfikisha uani hakuna kidogo kidogo tena. Mke wangu alitazama pale pikipiki hulala, akatazama farasi, akaingia jikoni. Mpaka sasa hajasema neno. Bora angesema.

Mpango wenyewe ni harusi. Kwa miaka yote hii bibi harusi wa hapa anapelekwa kanisani na gari jeupe la Venance, lile la mapambo. Venance anajiona kama sakramenti haikamiliki bila yeye. Sasa bibi harusi akipita juu ya farasi, nani atageuza shingo kutazama gari?

Kazimili, aliyeniachia farasi, alikuwa akimtumia kuchungia ng'ombe wake kule Biharamulo. Alinipa maelezo marefu. Majani karibu siku nzima. Maji yasikauke mbele yake. Chakula usimbadilishie ghafla. Akikataa kula, usingoje kesho, tafuta mganga wa mifugo. Niliitikia kila kitu. Kusema kweli nilikuwa natazama mkia. Ni mkia mzuri sana.

Nimemwita Meja.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa katekista Matiasi. Binti yake Deodata anafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 19. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa wasiwasi. Nikamweleza jinsi farasi atakavyompandisha Deodata mlimani mpaka mlangoni mwa kanisa. Mzee akasema gari la Venance limeshakubaliwa. Hapo Deodata akatokeza kichwa dirishani, akasema yeye anataka farasi. Gari litabeba mashangazi.

Nilirudi nyumbani kama nimevikwa taji.

Jioni taji likaanguka. Nilimtazama Meja ubavuni, nikahesabu mbavu. Zinahesabika zote. Ngozi imepauka kwa kiangazi, majani ya bondeni nayo yamekauka. Mzee Protasi, jirani yangu, alikuja kumwona kwa mara ya tatu, akauliza kama huyu ni farasi kweli au ni punda aliyesoma. Venance alipita na gari, akashusha kioo, akasema anatafuta kitu cha kuanikia mashati na sasa amekiona.

Sikulala vizuri. Siku kumi si nyingi kwa mnyama kunenepa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata dawa ya mbavu. Pumba za mahindi kutoka mashineni, gunia zima, na machicha ya pombe ya ndizi kutoka kwa wanaokamua. Ng'ombe wa Protasi anakula machicha na amekuwa kama pipa. Nilimjazia Meja beseni asubuhi, jingine mchana, jingine jioni. Anafagia mpaka chini.

Bonifasia amesema neno lake la kwanza tangu Jumatatu. Aliuliza kama Kazimili hakusema majani. Nilimjibu kwamba Kazimili hakuwa na harusi. Akauliza na maji je, maana ndoo ni kavu. Nikamweleza kwamba maji yanajaza tumbo, na tumbo linaharibu umbo. Tena kisima kiko mbali, na zamani maji yalikuja kwa pikipiki. Sehemu hii ya mwisho sikupaswa kuitaja. Amerudi kwenye kunyamaza.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa tumefanya mazoezi. Nilimwomba Bonifasia akae juu ya farasi awe Deodata kwa muda. Alikataa. Nimetumia gunia la maharage. Nililivika shuka jeupe, nikalifunga mgongoni mwa Meja, nikaliongoza mpaka njia ya kanisa. Watu walisimama kando kwa heshima. Protasi akavua kofia, kisha akagundua, akavaa tena.

Meja alitembea vizuri, ila kwa uvivu. Shibe, bila shaka. Mbavu naona zimeanza kujificha, au macho yangu yamezizoea.

Bonifasia alipofagia zizi aliniita. Kinyesi kilikuwa kidogo sana, punje kavu, ngumu kama kokoto. Alisema hakimpendezi. Nilimwambia kwamba farasi wa harusi asiyechafua njia ni baraka. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Lakini nilirudi mara mbili kuzitazama zile punje.

Jumanne, 15 Julai



Asubuhi beseni la jana lilikuwa limejaa vilevile. Meja alisimama kichwa chini. Akageuka, akatazama ubavu wake, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Akachimba ardhi kwa kwato. Akainua mdomo wa juu, meno yote nje. Nilidhani anacheka. Kisha akaanguka, akaanza kugaagaa, miguu hewani, jasho likimtoka na jua bado halijapanda.

Wazo langu la kwanza lilikuwa Venance. Nilikwenda kuchungulia kama kuna sumu kwenye beseni. Kulikuwa na pumba zangu tu.

Watu wakajaa uani, kila mmoja na tiba yake. Protasi alisema mafuta ya kula yachanganywe na soda, Meja anyweshwe kwa chupa. Nilikubali. Mtu mwenye hofu hukubali chochote. Nilikuwa nimeshachanganya, nimeinua kichwa cha Meja, ndipo Bonifasia akaja mbio na simu sikioni, akaninyang'anya chupa.

Alikuwa akiongea na Speciosa, afisa mifugo wa kata yetu. Speciosa alisema, na mke wangu akarudia kila neno mbele ya watu:

"Usimnyweshe kitu. Kitaingia mapafuni, utamuua kwa kumwokoa."

Niondoe chakula chote. Akilala kwa utulivu nimwache alale. Akitaka kugaagaa nimwinue, nimtembeze polepole, nikae mbali na miguu yake. Nisimpe dawa yoyote ya kwangu. Ila Speciosa mwenyewe alikuwa Keza kwenye chanjo, na aliyempeleka alikuwa ameondoka. Nimfuate.

Nilikimbia pale pikipiki hulala. Nilifika kabisa, nikanyoosha mkono.

Nikabaki nimesimama.

Gari lililokuwa karibu ni moja tu. Nilikwenda kwa Venance kwa miguu, nikirudia hotuba njiani. Nilimkuta anafunga utepe mwekundu kwenye kioo. Hotuba ikapotea. Nilisema tu, "Venance, farasi wangu anakufa." Nilimngoja acheke. Hakucheka. Alitupa utepe kitini, akasema, "Panda basi, unangoja nini?"

Nikamwambia Bonifasia kwa simu amtembeze Meja. Akajibu kwamba ameshaanza zamani.

Tulikwenda Keza tukitimua vumbi, maua ya plastiki yakipukutika njia nzima. Watu walitupungia mikono wakidhani ni harusi. Venance akapiga honi kwa mazoea.

Speciosa alipofika hakunisalimia. Aliwaondoa watu. Alifunua mdomo wa Meja, akatazama fizi, akazibonyeza kwa kidole, akangoja rangi irudi. Ilirudi kwa kuchelewa. Akaweka kipimo cha kusikilizia ubavuni, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akakaa kulia muda mrefu.

"Huku kimya," alisema.

Nilimuuliza kama kimya ni kizuri. Alisema kwenye tumbo la farasi kimya ndicho kibaya. Kisha akasema wazi kwamba yeye ametibu ng'ombe, mbuzi na punda wengi, farasi bado. Lakini hakusita. Alimpigia daktari Aristides wa Biharamulo, aliyewahi kufanya kazi na farasi, wakawa wanashauriana, simu imeshikwa na Bonifasia.

Aristides akauliza amekula nini. Nilijibu kwa sauti kwamba majani.

Bonifasia alinitazama.

Speciosa akauliza tena, polepole, akisema dawa atakayotoa inategemea jibu langu. Nikasema majani, na pumba kidogo. Meja akapiga mguu. Nikasema pumba nyingi. Na machicha. Na maji nilimpunguzia. Kimya uani kikawa kama kile cha tumboni. Venance alikuwepo, alisikia yote. Nilitaka ardhi inifunike, lakini zaidi nilitaka huyu mnyama asimame.

Speciosa alisema chakula kikavu kimekwama. Akamchoma sindano ya maumivu. Akaingiza mrija puani, taratibu sana, kwanza kuona kama tumbo la juu limejaa, kisha akapitisha maji na mafuta maalumu. Mimi na Venance tulishika kichwa, mmoja huku, mwingine huku. Pumzi ya Meja ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Nilimuuliza Speciosa na ikishindikana je. Alisema kama utumbo umejisokota, hapa hatuna pa kumpasulia.

Basi tukangoja. Alikataza mtu kumpa hata jani. Nilimtembeza kidogo, nikasimama, nikamtembeza. Nilimweleza habari nyingi. Nilimwambia Deodata alivyotokeza kichwa dirishani. Nilimwambia mimi si mtu mbaya, ila nina haraka. Alikuwa ameegemeza paji lake kifuani mwangu, sijui kwa mapenzi au kwa uchovu. Bonifasia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni. Aliposema, hakusema kwa hasira:

"Baba Teddy, hukuwa na haja ya kumnenepesha. Deodata alimpenda alivyo."

Jua lilikuwa linaelekea Burundi Speciosa aliposikiliza tena ubavu wa kulia. Akatabasamu. Akanipa kipimo nisikilize mwenyewe. Palikuwa na ngurumo ya mbali, kama mvua upande wa Kabanga. Muda si mrefu Meja akainua mkia.

Sijawahi kuona watu wakishangilia kinyesi. Protasi alivua kofia, na safari hii hakukosea. Venance alinikumbatia. Kisha tukakumbuka sisi ni nani, tukaachiana.

Jumatano, 16 Julai

Speciosa amekuja tena. Masharti: majani mabichi kidogo kidogo, maji mchana na usiku, pumba basi, machicha basi. Chakula chochote kipya, nimpigie kwanza. Na hatabeba mtu mpaka yeye aseme.

Nilimkumbusha kuhusu Jumamosi. Alisema kwa upole kwamba Jumamosi si mgonjwa wake.

Nilikwenda kwa Matiasi nikiwa nimeandaa sababu nne. Zote hazikuhitajika. Habari ilifika kabla yangu, pamoja na pumba na machicha. Mzee alisema pole, akanipa kiti. Nilitamani anigombeze. Deodata alikuja jioni kumwona Meja, akamkuna kati ya masikio, akaniuliza kama anaumwa bado. Hakuuliza habari ya harusi hata kidogo. Nimeshindwa kula.

Naweka sikio ubavuni mwake kila mara. Kushoto kunanguruma. Kulia kunanguruma. Kukinyamaza kidogo na mimi naacha kupumua.

Jumamosi, 19 Julai

Deodata amekwenda kanisani na gari la Venance. Maua yaliyobaki yalikuwa upande mmoja tu. Lilipofika mbele ya nyumba yetu likasimama. Nilidhani Venance anataka kunikoga. Kumbe Deodata alishuka na shela lake, akaingia uani, akapigwa picha pamoja na Meja, mkono shingoni mwake, kisha akarudi garini. Mashangazi walilalamika kwamba misa itachelewa. Meja hakutikisika. Alijaribu tu kuonja shela, nikalivuta.

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwaza maji. Wakati wa sherehe nilitoka mara kadhaa kwenda kusikiliza tumbo. Safari ya mwisho nilimkuta Bonifasia ametangulia, akiwa na gauni lake la sherehe, sikio ubavuni. Alisema kunanguruma. Tulicheka pamoja. Ni mara ya kwanza tangu pikipiki.

Kwenye chakula Venance alikaa karibu nami. Alisema picha ile itaonekana nzuri. Halafu akasema, bila ubaya wowote, ila mbavu zinaonekana.

Nilitafuna nyama yangu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimewaza tangu Jumamosi. Mbavu zinaonekana.

Baba mmoja wa Keza ameona picha. Binti yake anaolewa Agosti. Ameuliza habari za farasi. Speciosa anasema Meja akiendelea hivi, huenda wakati huo atakuwa tayari kutembea na mtu mwepesi. Kwa hiyo muda upo. Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kukosa muda, hilo sasa nimelielewa.

Nyuma ya nyumba maparachichi yameiva, yanaanguka yenyewe. Tunda laini, lenye mafuta, halina ukavu wa kukwama popote. Speciosa amekataza pumba. Amekataza machicha. Parachichi hakulitaja.

Bonifasia aliponiona na beseni aliuliza kama nimempigia Speciosa, maana alisema kila chakula kipya apigiwe. Nilimweleza kwamba hiki si kipya. Mti ule ulikuwepo kabla hatujaoana. Amekwenda kutafuta simu yake.

Nimemwekea Meja beseni. Amelinusa kwa muda, akageuza kichwa, akatazama pembeni.

Labda ni maganda. Nimeanza kuyamenya.